Mkojo Mweusi wa Ukoo Wetu

Kabla Zena hajazaliwa, hapakuwa na kitu cha kunishangaza mimi. Nimekata mkonge Ruvu ndevu hazijaota. Nimelala Magindu kwenye zizi la watu, simba anapumua upande wa pili wa miba, na asubuhi nikaenda kibaruani kama kawaida. Shule nilikaa miezi minne, mwalimu akanifukuza kwa kuwauzia wenzangu wino wake. Sina cheti hata cha kufungia karanga. Lakini wakati wa vita vikubwa vya Wazungu, meli zilipoacha kuleta sabuni, nani aliyewatakatisha watu kuanzia Mkuza mpaka Dutumi? Mimi, Selemani. Mapipa matatu ya kupikia, mafuta ya nazi, magadi, chokaa, na akili yangu. Waliniita Bwana Sabuni, na jina hilo sikulikataa.

Naandika haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye labda leo ameanua winda la mwanawe kwenye kamba akaliona jeusi, na moyo ukampasuka. Kaa kitako kwanza, usikimbilie popote. Mimi ubaya wenyewe umekwisha kunipita, na niliyojifunza nimejifunza kwa maumivu. Wewe yachukue bure. Na humu ndani ukiona namsema mtu mmoja kwa uchungu, usidhani kalamu imeteleza. Nimekusudia.

Mtu huyo ni mjomba wangu, Mzee Kibwana wa Kisarawe, kaka wa marehemu mama yangu. Kwetu Wazaramo mjomba ana sauti juu ya mtoto kumshinda hata baba. Yeye ndiye aliyenipeleka jando, na yeye ndiye aliyeniozesha binti yake Mwajuma, kwa hiyo alikuwa mjomba na mkwe kwa pamoja. Mambo ya jando sitayatoa hapa, ila moja sina budi. Siku moja alinivuta pembeni, peke yangu, akaniambia: "Mwanamume hakojoi hadharani. Nenda mbali, chimba kwa kisigino, kojoa, fukia. Mpaka kufa kwako." Nikadhani ni fundisho la wote. Miaka thelathini nikawa nachimba na kufukia kama paka, nikiwadharau wanaume wanaosimama kando ya njia, nikisema hawa hawakufundwa. Kwa hiyo mkojo wangu mwenyewe sikuwahi kuuona umekaa hata muda wa kuvuta sigara moja.

Zena alizaliwa katikati ya masika. Mama mkwe, mke wa mjomba, akaja kwangu Mkuza kumtazama mzazi mpaka arobaini. Siku ya tatu nilikuwa uani na wateja, wanawake wanne waliotoka Dutumi, nawaambia maneno yangu ya kila siku kwamba doa lisilotoka kwa sabuni yangu bado halijazaliwa. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa penye beseni anafua mawinda. Moja lilikuwa na rangi kama ya chai nyepesi. Akalipaka sabuni, akalifikicha. Likawa kahawia. Akaongeza sabuni. Likawa jeusi kama tako la chungu.

"Bwana Sabuni," akasema mmoja wa wale wanawake, "hilo doa ndiyo kwanza limezaliwa?"

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe hakucheka. Aliliinua lile winda linachuruzika, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

Nami, kwa ujuzi wangu, nikasema kosa liko kwenye sabuni. Nikapika upya, nikazidisha magadi. Winda likazidi kuiva. Nikazidisha chokaa. Winda likawa kama limetiwa wino. Ningejua wakati ule kwamba ukali wa sabuni ndio unaouita ule weusi utoke, ningeimwaga yote mtoni. Lakini hakuna aliyejua. Yaani alikuwepo mmoja aliyejua.

Mama mkwe akaenda Kisarawe na lile winda kikapuni, na siku ya kumi na tisa mjomba akafika, na fimbo yake, na kanzu yake ya rangi ya tumbaku. Mjomba hakuvaa kanzu nyeupe hata Idi, na watu walimsifu kwa hilo, wakisema ni mtu asiyependa makuu.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Akamwambia binti yake, "Mwajuma, mbebe mtoto. Tunakwenda."

"Baba, arobaini haijatimia."

"Nimesema mbebe."

Halafu akatoka uani, akasimama mahali ambapo majirani wangemsikia. "Nilikuwa najiuliza utajiri wa mpwa wangu unatoka wapi. Nazi gani hizo za kujaza mapipa matatu vita vinapigwa? Sasa nimejua. Anapikia mafuta ya watu. Huyu ni mumiani, na mtoto mchanga anakojoa aliyoyatenda baba yake."

Msomaji wangu, wewe wajua neno mumiani linavyomfanya mtu. Ukiitwa mwizi, utarudisha ulichoiba. Ukiitwa mnyonya damu za watu, utarudisha nini? Wiki haikuisha, mapipa yangu yakapoa. Watu niliowakopesha sabuni walikuwa wakivuka barabara wasikutane na kivuli changu. Mwajuma aliondoka bila kugeuka. Kwenye kamba liliachwa winda moja, nami sikuweza kulianua mpaka mvua ikalichana.

Aliyebaki ni Masanja peke yake, mkoroga mapipa wangu, Msukuma aliyeletwa pwani na mkonge. Msukuma na Mzaramo ni watani, wanaruhusiwa kutukanana mpaka makaburini. "Mzaramo wewe," akaniambia, "kama unapika watu, anza na mimi nilivyonona." Naye ni mwembamba kama waya wa kukatia sabuni. Ndiyo siku pekee niliyocheka kiangazi kile.

Ilipofika vuli, mwili wangu nao ukaanza. Mgongo ulikuwa unakaza alfajiri kama mtu amenipigilia ubao, siwezi kuinama kuokota kandambili. Magoti yakalia kama mlango wa ghala. Mimi niliyekuwa nanyanyua debe la mafuta kwa mkono mmoja! Nikijisafisha masikio, natoa nta nyeusi kama lami. Makwapa ya shati yakaingia weusi usiotoka. Nikajitazama kwenye kioo cha kinyozi: kwenye weupe wa macho yangu, pembeni, pamekaa madoa ya kahawia, moja kila jicho, kama mtu amenidondoshea kahawa.

Nikaumikwa chuku mgongo mzima. Nikanywa kombe siku saba. Mganga wa tatu akanichanja, akanifukiza, akanikataza pweza, na pweza nilikuwa sijawahi kumla. Wote watatu waliniambia adui yangu ni mtu wa karibu. Katika hilo tu hawakukosea.

Baada ya masika nyingine, Masanja akanipakia kwenye baiskeli kama gunia, tukaenda kupanda garimoshi mpaka Dar es Salaam, hospitalini. Usiende huko ukiwa na haraka. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila mtu alipewa chupa, akajaza, chupa zikapangwa dirishani penye jua, na sisi tukawa tunazitazama kwa kukosa cha kufanya. Saa nne zote zilikuwa za manjano. Saa sita moja ikawa kama chai ya rangi. Saa nane ilikuwa nyeusi tii, katikati ya wenzake.

Mama mmoja mwenye kikohozi akauliza, "Jamani, ile ya nani?"

"Sijui," nikasema.

"Ya huyu hapa," akasema Masanja, na benchi zima likasogea.

Huyo mama hakusogea. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa, akakata kipande akanipa. "Kula, baba. Mimi mwenyewe wananikimbia kwa kikohozi." Jina lake sikumwuliza. Namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa Mhindi mtu mzima, mpole. Aliichukua chupa nyingine niliyojaza pale pale, ikiwa bado safi, akaitia matone ya dawa. Ule mkojo ukageuka mweusi tukiuangalia, kuanzia juu kushuka chini. Mimi nikainua pua. Harufu ya ile dawa nilikuwa naijua: ukali ule ule wa maji yangu ya magadi na chokaa.

"Hii umezaliwa nayo," akaniambia. "Hukulogwa, hukula kitu. Kuna kitu katika chakula tumbo lako haliwezi kukimaliza, kinabaki, kinatoka kwa mkojo, na kingine kinakaa kwenye viungo. Hakiui. Lakini viungo vitauma, na dawa ya kukiondoa haipo." Jina la Kizungu alilitaja, sikulishika na wala silihitaji. Nikamtajia na winda la Zena. Akauliza, "Mkeo ni nani kwako?"

"Binti wa mjomba wangu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Inatembea kwenye damu ya ukoo. Kaulize wazee wenu. Yupo mwingine."

Nilikuwa nimefunga kifungo kimoja cha shati. Cha pili sikukifunga. Nikaiona kanzu ya rangi ya tumbaku. Nikaiona fimbo, na mgongo usioinama hata anaposalimia watoto. Nikakumbuka macho yake aliposimama uani kwangu: madoa mawili ya kahawia. Na kisigino. Chimba, kojoa, fukia. Alijua tangu nikiwa mtoto wa jando. Alijua siku anaponipa Mwajuma. Alijua siku anayoniita mumiani.

Maumivu ya mgongo yakanitoka nikiwa pale pale. Hasira ni dawa kali, ila kipimo chake hukijui.

Nikapeleka shauri kwa jumbe wa Kisarawe, nikidai mke na mtoto wangu. Njiani Masanja akanipa masharti. "Tukifika kumpima, wewe chupa ya mjomba wako usiiguse. Mimi mtani. Mtani akimvua mtu nguo, watu wanacheka, jioni tunakula sahani moja. Wewe mpwa. Mpwa akimvua nguo mjomba, hakuna wa kucheka. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Apa."

Nikaapa.

Barazani walijaa watu wa mpaka ng'ambo ya bonde. Mwajuma alikuwa mlangoni kwa jumbe na mama yake, Zena mapajani, amekwisha kuota meno. Nikaeleza kwamba nimeambiwa weusi wa mtoto ni wa sabuni yangu. Basi nimeleta maji yale yale ninayopikia sabuni, na chupa nane. Wanaume wanane wajaze, sote tuone.

"Upuuzi," akasema mjomba. "Mimi mtu mzima nikojoe kwenye chupa?"

Hapo Masanja akasimama mbele yake. "Ee, mtumwa wangu Kibwana! Siku utakayokufa nani atakuja kulilalia jeneza lako mpaka wafiwa wamlipe? Si mimi? Basi nilipe leo kwa mkojo kidogo, deni likiwa bado dogo. Au una dhahabu humo unaogopa nitaiuza?"

Baraza lote likaangua kicheko. Jumbe naye, akijifuta machozi, akasema yeye atakuwa wa kwanza, na asiyetaka aseme sababu. Mjomba hakuwa na sababu ya kusema. Wakaenda nyuma ya nyumba, Masanja nyuma yao kama askari, wakarudi, kila mtu akaweka chupa yake miguuni pake.

Masanja akachukua kopo la maji ya magadi. Akamtilia jumbe, akatikisa: manjano. Wa pili, manjano. Hivyo hivyo mpaka wa sita. Wa saba nilikuwa mimi. Ukageuka mweusi kuanzia juu kushuka chini, na watu wakarudi nyuma.

"Mmeona!" mjomba akapaza sauti. "Mmeona wenyewe! Nilisema nini mimi?"

Masanja akageuka kuelekea chupa ya nane. Na mimi nikaona uso wa mjomba wangu wakati kopo linamsogelea. Siku mia nne nilikuwa naungoja uso ule. Nikasahau kiapo. Nikamnyang'anya Masanja lile kopo.

"Selemani!" akanong'ona. "Niachie mimi."

"Huyu ni wangu."

Nikamimina kwa mkono wangu huu. Nikaitikisa, nikaiinua juu kila mtu aone. Ukashuka weusi taratibu, kama pazia.

Hakuna aliyecheka.

"Uliniambia nifukie," nikasema. "Ulijua."

Mjomba alikuwa anaitazama ile chupa, si mimi. "Nilijua. Mjomba wangu alinifundisha mimi, nami nikakufundisha wewe. Nilikuficha, mtoto wa dada yangu, wasikucheke wenzio."

"Na uliponiita mumiani, ulikuwa unamficha nani?"

Akayahamisha macho mlangoni, alikokuwa mkewe. "Mke wangu aliniletea lile winda. Akaniuliza, hili limetoka kwa nani. Nikaogopa atatazama nguo zangu."

Hayo tu. Kwa kuogopa mkewe atazame nguo zake, alinizima moto chini ya mapipa matatu na kunitolea mtoto nyumbani. Nilitamani aseme jambo kubwa zaidi, nipate kumchukia vizuri.

Jumbe akaamua. Maneno ya mumiani yamekwisha, na atakayeyarudia atafikishwa kwake. Mke yuko huru kurudi kwa mumewe. Lakini mpwa amemvua mjomba wake nguo mbele ya watu kwa mkono wake mwenyewe. Angefanya mtani pasingekuwa na kesi. Mpwa atamlipa mjomba fidia ya aibu, na kiasi atakisema mwenye aibu. Masanja akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeingia kisimani.

Nikasema kwa sauti nitakufa kwanza. Nikamwambia Mwajuma afunge mizigo.

Alinifuata mpaka kwenye njia, mtoto kiunoni. "Baba Zena, nitarudi. Lakini ulipe kwanza."

"Baada ya yote aliyonitenda?"

"Alikusingizia. Wewe umemwumbua. Mimi nimekaa katikati na mtoto anayekojoa kama nyinyi wawili. Siku watu wakimjua Zena, asimame na nani? Babu asiyesemeshwa, au baba asiyesalimiwa? Nataka awe na wote wawili. Lipa, nije."

Nikarudi Mkuza peke yangu na ushindi wangu. Wateja walirudi, tena wengi kuliko kwanza, maana kila mtu alitaka kumwona Bwana Sabuni aliyemshinda mjomba wake. Niliwahadithia. Kila nilipohadithia, chupa ilizidi kuwa nyeusi. Jioni nilikuwa nakaa kitako kwenye kiti cha mikono nisiweze kuinuka, na hapakuwa na wa kunishika mkono. Nilikataa kiangazi kizima.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Masanja alipitia Kisarawe, akarudi na ujumbe wa Mwajuma, nao haukuwa wa fidia. "Kasema nguo zenu usizitie sabuni. Loweka kwenye maji ya ndimu, suuza, halafu anika. Kajaribu vitu vingi, hicho ndicho kimekubali." Nikalitia shati langu kwenye maji ya ndimu. Asubuhi likakauka jeupe makwapani. Yule mwanamke, uani kwa baba yake, alikuwa anafua akinifikiria mimi. Nawe msomaji shika hilo, ndilo hasa nililokuitia: ndimu, si sabuni, na hayo nayasema mimi muuza sabuni. Magoti yakande kwa maji ya moto asubuhi kabla hujasimama. Mizigo waachie wengine. Na mtoto mwambie ukweli mapema, akiwa bado anacheka kwa mambo ya mkojo, ajue ni maji tu yenye rangi. Asifukie kitu.

Msimu wa korosho, vita vimekwisha na meli zimeanza kurudi, nikaenda. Mjomba alikuwa amelala mkekani, amekwisha kabisa viungo. Aliposhika mwimo wa mlango ainuke kunipokea, nikayasikia magoti yake yanalia, yanalia kupita yangu. Nilifurahi. Siwezi kuandika uongo hapa. Nilifurahi, na bado nikampa mkono akaninyanyukia, na yangu nayo yakalia, tukasimama pale kama milango miwili mibovu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akanitazama kwa yale madoa yetu. "Umekuja kulipa au umeleta chupa nyingine?"

"Taja."

"Hamsini za aibu. Kumi na mbili za kanzu."

"Kanzu unazo."

"Nataka nyeupe. Wamekwisha kujua, nifiche nini tena?" Naapa nilimwona anajizuia kucheka. "Na senti hamsini za mche wa sabuni."

"Sabuni nitakuletea mimi, katoni nzima."

"Yako siitaki. Nataka ya dukani."

Nyuma yake Mwajuma alikuwa amekwisha kumfunga Zena mgongoni, na mzigo uko mlangoni. Sijamsamehe mzee yule mpaka leo, na nikirudishwa barazani nitalinyakua lile kopo tena. Lakini nilikaa kitako mkekani pake, nikafungua mkanda wa fedha, nikamhesabia kiganjani, moja moja, yeye akihesabu kwa sauti ili majirani wasikie: shilingi sitini na mbili na senti hamsini.